Mpangilio wa kumbukumbu katika kigawaji cha kurasa

Mpangilio wa kumbukumbu katika kigawaji cha kurasa ni jumla ya kanuni zinazoamua kwa utaratibu gani maandishi ya prosesa moja kwenye RAM yataonekana na prosesa nyingine, wakati kiini cha mfumo wa uendeshaji kinapotoa na kupokea kurasa za kumbukumbu. Kigawaji cha kurasa ni sehemu ya kiini inayojua ni kurasa zipi ziko huru na zipi zina mwenyewe. Kwa kuwa kompyuta za leo, pamoja na simu janja, zina prosesa kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, orodha hiyo hubadilishwa na prosesa nyingi kwa pamoja. Kanuni zikikosewa, ukurasa mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili, na programu moja ikasoma au kuharibu data ya programu nyingine.

Makala hii inaeleza hasa kiini cha Linux, ambacho msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na ndicho kinachoendesha simu zote za Android. Simu ya Android iliyoko Katesh au Haydom inatumia kigawaji kilekile kinachotumika katika seva kubwa za benki.

## Kigawaji cha kurasa

Kiini hakigawi RAM baiti kwa baiti. Huigawa kwa vipande vya ukubwa sawa vinavyoitwa kurasa. Katika kompyuta na simu nyingi ukurasa mmoja una baiti 4096, hivyo simu yenye gigabaiti 4 za RAM ina kurasa 1,048,576. Kila ukurasa una rekodi yake ndogo ndani ya kiini, inayoonyesha hali yake na idadi ya wanaoutumia.

Linux hupanga kurasa zilizo huru kwa mfumo wa mapacha. Mbinu hii ilielezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965, na wazo lake la awali huhesabiwa kuwa la Harry Markowitz, yule mwanauchumi aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel. Kurasa huwekwa katika mafungu ya ukubwa wa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Programu ikihitaji kurasa 4 na fungu dogo lililopo ni la 16, fungu hilo hukatwa nusu, kisha nusu mojawapo hukatwa tena. Kurasa zikirudishwa, kiini hutazama kama pacha wa fungu hilo naye yuko huru. Akiwa huru, mafungu mawili huunganishwa kuwa fungu kubwa zaidi, na hesabu huendelea kupanda hivyo.

Kumpata pacha ni hesabu nyepesi. Hugeuzwa biti moja tu ya namba ya ukurasa. Pacha wa ukurasa namba 8 peke yake ni namba 9. Pacha wa fungu la kurasa 4 linaloanzia namba 12 ni lile linaloanzia namba 8. Wepesi huu ndio uliofanya mbinu idumu kwa miongo mingi.

Shida huanza prosesa zinapokuwa mbili. Tuseme prosesa ya kwanza inarudisha ukurasa namba 8 na ya pili inarudisha namba 9 kwa wakati uleule. Kila moja ikimtazama pacha kabla mwenzake hajaandika kwamba yuko huru, zote mbili zitaona pacha bado anatumika, na kurasa hizo zitakaa mbalimbali ingawa zingeweza kuunganishwa. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa hutokea iwapo kila moja itaona pacha yuko huru na kumwondoa katika orodha ili kumuunganisha na wake: fungu moja litaingizwa mara mbili, orodha itakatika, na baadaye kurasa zilezile zitatolewa kwa waombaji wawili.

## Kwa nini utaratibu huvurugika

Mwanafunzi anayeanza kuandika programu huamini kwamba mashine hutekeleza mistari kwa mfuatano ulioandikwa. Kwa prosesa moja, matokeo huwa kana kwamba ni hivyo. Kwa prosesa zaidi ya moja, imani hiyo haina msingi, kwa sababu mbili tofauti.

Ya kwanza ni kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine. Kompaila ina ruhusa ya kuhamisha, kuunganisha au kufuta usomaji na uandishi ilimradi matokeo yasibadilike kwa uzi mmoja. Haijui kwamba kuna uzi mwingine unaotazama.

Ya pili ni maunzi yenyewe. RAM ni ya polepole sana ikilinganishwa na prosesa. Ili isisubiri, prosesa huweka maandishi yake kwanza katika bafa ndogo iliyo ndani yake, kisha huendelea na kazi. Maandishi hayo hufika kwenye kache, mahali ambapo prosesa nyingine zinaweza kuyaona, baadaye kidogo. Vilevile prosesa huweza kusoma mbele kabla ya zamu ya usomaji huo kufika.

Kiasi cha vurugu hutegemea aina ya prosesa. Prosesa za familia ya x86, zinazotumika katika kompyuta nyingi za mezani, ni kali kiasi: kwa kumbukumbu ya kawaida, kinachoweza kubadilika ni usomaji kutangulia uandishi wa kabla yake kwenye anwani nyingine. Prosesa za ARM, zilizomo karibu katika kila simu, ni legevu zaidi. Zinaweza kubadilisha mfuatano wa uandishi na uandishi, usomaji na usomaji, na mchanganyiko wa hayo. Prosesa za POWER na RISC-V nazo ni legevu. Ndiyo sababu hitilafu ya mpangilio inaweza kujificha kwa miaka katika kompyuta ya mwandishi wa programu na kujitokeza katika simu ya mtumiaji.

Mwaka 1979 Leslie Lamport alitoa maana kamili ya utaratibu ambao watu wengi huudhania: matokeo yawe sawa na kama amri za prosesa zote zingetekelezwa moja baada ya nyingine katika foleni moja, na amri za kila prosesa zikibaki katika mfuatano wake. Karibu hakuna prosesa ya kisasa inayotimiza hilo bila kuombwa.

## Mfano wa vizimba vya soko

Tuchukue soko la kufikirika mjini Mbulu lenye vizimba vingi na makarani wawili wa kuvigawa. Kila kizimba kinapoachwa, karani hufanya mambo mawili: hukisafisha, kisha huandika ubaoni kwamba kiko wazi. Mfanyabiashara wa vitunguu akiona ubao, huenda moja kwa moja na magunia yake.

Karani akituma vijana wawili, mmoja kusafisha na mwingine kuandika ubaoni, yule wa ubao anaweza kufika kwanza. Kwa muda mfupi ubao unasema kizimba kiko tayari, kumbe bado kina mali ya mwenyewe wa zamani. Mwenye vitunguu hana kosa. Amesoma ubao ulivyo. Karani naye ametoa maagizo yake kwa mfuatano sahihi. Kilichokosekana ni sharti kwamba ubao usiandikwe mpaka usafi uwe umekwisha.

Katika kompyuta, usafi ni kujaza ukurasa sifuri ili mtumiaji mpya asione data ya zamani, tuseme namba ya siri ya mtu aliyetoka kutuma pesa kwa simu. Ubao ni biti au kiungo kinachowaonyesha wengine kwamba ukurasa sasa unapatikana. Na sharti linaitwa kizuizi cha kumbukumbu.

Mfano una upande wa pili ambao husahauliwa mara nyingi. Mfanyabiashara aliyekwenda kuchungulia kizimba asubuhi, kisha akasoma ubao mchana, hawezi kuchanganya habari hizo mbili na kusema "nilikiona kina uchafu ingawa ubao unasema ni safi". Anapaswa kusoma ubao kwanza na kutazama kizimba baadaye. Vizuizi hufanya kazi kwa jozi: kimoja kwa anayeandika, kimoja kwa anayesoma. Kizuizi cha upande mmoja pekee hakisaidii kitu.

## Kufuli, vizuizi na operesheni zisizogawanyika

Njia ya kawaida ya kulinda orodha ya kurasa ni kufuli. Prosesa inayotaka kubadilisha orodha hushika kufuli. Nyingine husubiri huku zikizunguka mpaka lifunguliwe. Kufuli hufanya kazi mbili. Huzuia wawili wasiingie pamoja, na pia huleta mpangilio: kila kilichoandikwa kabla ya kulifungua kitaonekana na yule atakayelishika baadaye. Kwa mtu anayetumia kufuli kwa ukamilifu, sehemu kubwa ya makala hii haimhusu.

Kufuli lina gharama yake. Linux ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, kiini kizima kilikuwa na kufuli moja kubwa. Prosesa za ziada zilikaa zikisubiriana. Kufuli hilo lilivunjwavunjwa kuwa madogo kidogo kidogo, na mabaki yake yaliondolewa mwaka 2011. Leo kila kanda ya kumbukumbu ina kufuli lake linalolinda orodha za mapacha.

Pale kufuli linapoonekana zito, hutumika operesheni zisizogawanyika, yaani amri za mashine zinazosoma, kubadilisha na kuandika kwa mkupuo mmoja bila mwingine kuingia katikati. Hesabu ya watumiaji wa ukurasa hupunguzwa kwa njia hii. Prosesa mbili zikiachia ukurasa kwa pamoja, ni moja tu itakayoona hesabu imefika sifuri, na hiyo peke yake ndiyo yenye haki ya kuurudisha kwa kigawaji.

Mfano mwingine ni alama za aina ya mafungu. Kwa muda mrefu Linux imekuwa ikihifadhi kwa kila kundi kubwa la kurasa biti chache zinazoonyesha kama kurasa hizo zinaweza kuhamishwa au la, na biti za makundi kadhaa hukaa ndani ya neno moja la kumbukumbu. Prosesa mbili zikibadilisha makundi mawili jirani kwa usomaji na uandishi wa kawaida, ya pili itaandika juu ya badiliko la ya kwanza. Kwa hiyo hutumika amri ya linganisha-na-badilisha: andika neno jipya iwapo tu la zamani halijaguswa; likiguswa, soma tena na ujaribu upya.

Kuna pia pahali ambapo wasanifu wameamua kusoma bila ulinzi wowote kwa makusudi. Sehemu ya kiini inayobana kurasa ili kupata nafasi kubwa hupita juu ya mamilioni ya rekodi, na kushika kufuli kwa kila moja kungekwamisha mashine. Hivyo husoma ukubwa wa fungu bila kufuli, ikijua wazi kwamba namba hiyo inaweza kuwa imepitwa na wakati au haina maana kabisa. Namba iliyozidi mipaka hupuuzwa. Iliyo ndani ya mipaka lakini si sahihi husababisha tu kurasa chache zirukwe. Huu ni uamuzi mzuri kwa sababu umeandikwa na madhara yake yamepimwa. Usomaji uleule usio na maelezo ungekuwa hitilafu.

## Akiba ya kila prosesa

Maombi mengi ni ya ukurasa mmoja mmoja. Ili kila ombi lisigombanie kufuli la kanda, Linux huipa kila prosesa akiba yake ndogo ya kurasa huru. Prosesa huchota humo bila kuwasumbua wengine. Akiba ikiisha, hushika kufuli la kanda mara moja na kuchukua kurasa nyingi kwa pamoja. Ikijaa mno, hurudisha kwa mkupuo. Ni kama kila karani wa soko kupewa kitabu chake cha stakabadhi badala ya wote kuandika katika daftari moja.

Kwa miaka mingi akiba hizi zililindwa kwa kuzuia tu prosesa husika isikatishwe katikati ya kazi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Ubaya wake ulionekana kurasa zilipohitajika haraka: prosesa nyingine haikuweza kumwaga akiba isiyo yake, ikalazimika kumtumia mwenyewe kazi na kungoja. Mwaka 2022 akiba hizi zilipewa kufuli lao dogo, ili ziweze kumwagwa kutoka mbali.

Akiba zilileta tatizo jingine, la hesabu. Kiini lazima kijue jumla ya kurasa huru ili kuamua kama kumbukumbu inakaribia kuisha. Kihesabu kimoja kinachoandikwa na prosesa zote kila mara kingekuwa kizito, kwa hiyo kila prosesa hutunza tofauti yake ndogo na kuipeleka kwenye jumla kuu inapofika kikomo fulani, kisichozidi 125. Katika simu yenye prosesa 8 tofauti hiyo si kitu. Katika seva yenye prosesa 64, jumla kuu inaweza kupotoka kwa kurasa 8,000, zaidi ya megabaiti 30. Seva ikiwa na uhaba, kiini kinaweza kuamini kwamba bado kuna nafasi ilhali imekwisha, na kikatoa hata kurasa za dharura zilizotengwa kwa ajili ya kazi ya kuokoa kumbukumbu yenyewe. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliweka alama: jumla ikishuka chini yake, kiini huacha kuamini kihesabu kikuu na kujumlisha tofauti za prosesa zote moja moja.

## Kisa cha vizuizi vingi mno

Kisa kinachofundisha zaidi katika historia ya kigawaji hiki kilitokea kati ya mwaka 2010 na 2012, na kinahusu seva zenye mabenki kadhaa ya kumbukumbu yanayoitwa nodi. Msimamizi wa seva anaweza kuamuru kwamba kundi fulani la programu litumie nodi fulani tu, na anaweza kubadilisha amri hiyo programu zikiwa zinaendelea.

Tuseme programu inaruhusiwa nodi namba 1 pekee, na msimamizi anaihamishia nodi namba 0. Wakati huohuo programu inaomba ukurasa. Kigawaji kinaanza na nodi 0 na kuuliza: inaruhusiwa? Hapana, kwa maana ruhusa bado ni ya nodi 1. Kabla hakijafika nodi 1, ruhusa inabadilishwa kuwa nodi 0. Sasa kinauliza: nodi 1 inaruhusiwa? Hapana. Kigawaji kimezunguka nodi zote na kuambiwa hapana kila mahali, ingawa hakuna wakati wowote ambapo programu haikuwa na nodi. Kinahitimisha kwamba kumbukumbu imekwisha na kiini kinaanza kuua programu ili kupata nafasi, katika seva ambayo ina kumbukumbu tele.

Mwaka 2010 tatizo hili lilirekebishwa kwa kumfanya mwombaji atangaze kwamba yuko katikati ya kuomba, ili anayebadilisha ruhusa asifute nodi za zamani mpaka amalize. Tangazo hilo lilihitaji vizuizi kamili vya kumbukumbu, kabla na baada, katika kila ombi la ukurasa. Kwa usahihi halikuwa na dosari. Lakini ruhusa za nodi hubadilishwa mara chache sana, pengine kamwe katika mashine nyingi, na kurasa huombwa mara nyingi mno kwa sekunde. Kila ombi lilitozwa gharama ya tukio ambalo halikuwapo.

Mhandisi Mel Gorman aligundua gharama hiyo alipokuwa akichunguza kwa nini kigawaji kilikuwa kimekuwa kizito baada ya toleo la 2.6.32. Marekebisho yake yaliingia mwaka 2012. Aligeuza mzigo: badala ya mwombaji kumzuia mbadilishaji, mbadilishaji huongeza namba ya mfuatano kila anapobadilisha ruhusa. Mwombaji huisoma namba hiyo mwanzoni. Akipata ukurasa, mambo yamekwisha na hakuna haja ya kuuliza zaidi. Akikosa, huisoma tena. Ikiwa imebadilika, hujua kwamba huenda alidanganywa na harakati za katikati, naye hurudia ombi. Usomaji huu wa namba unahitaji kizuizi chepesi cha usomaji tu, ambacho katika prosesa za x86 hakiongezi amri yoyote ya mashine.

Tofauti iko katika swali lililoulizwa. Marekebisho ya kwanza yalitaka mwombaji asione kamwe hali ya katikati. Ya pili yalimruhusu kuiona, mradi asifanye jambo lisilorudishika kwa sababu yake.

## Ukurasa uliorudishwa mapema

Hitilafu za mpangilio zina upande wa usalama. Kila prosesa ina jedwali dogo la haraka, liitwalo TLB, linalokumbuka anwani gani ya programu inaelekea ukurasa gani wa RAM. Ukurasa ukinyang'anywa kutoka kwa programu, haitoshi kufuta kiungo katika jedwali kuu. Prosesa zote zinazoweza kuwa nacho katika TLB lazima ziagizwe kukisahau, na ndipo ukurasa urudishwe kwa kigawaji. Utaratibu ni mmoja tu: futa, sahaulisha, rudisha.

Katika kiini cha Linux kuanzia toleo la 3.2, amri ya kuhamisha eneo la kumbukumbu ilikuwa inafungua kufuli la jedwali kuu kabla ya kusahaulisha TLB. Katika mwanya huo mdogo, uzi mwingine uliweza kufupisha faili lililohusika, na kurasa zake zikarudishwa kwa kigawaji ilhali prosesa moja bado ilikuwa na njia ya zamani ya kuzifikia. Kigawaji kilizitoa kwa mwombaji mwingine kwa nia njema. Kwa muda mfupi programu ya kawaida iliweza kusoma na kuandika ukurasa usio wake.

Jann Horn, mtafiti wa usalama wa Google, aligundua kasoro hiyo mwaka 2018. Ilipewa namba CVE-2018-18281 na kurekebishwa mwaka huohuo. Ilikuwa imekaa karibu miaka saba. Horn alionyesha pia namna mshambuliaji angeweza kuitumia katika simu ya Android, kwa kuupanua mwanya huo kwa makusudi mpaka ukurasa upate mwenyewe mpya. Marekebisho yalihamisha usahaulishaji uwe ndani ya kufuli. Hata hivyo marekebisho ya kiini humfikia mtumiaji pale tu mtengenezaji wa simu anapotoa sasisho, na simu nyingi za bei nafuu au zilizonunuliwa zikiwa zimetumika huacha kupokea masasisho mapema. Simu hizo hubaki na kasoro za zamani hata baada ya dunia kuzisahau.

## Kanuni rasmi na upimaji

Kwa muda mrefu kanuni za mpangilio wa Linux zilikuwa katika waraka mrefu wa maelezo ulioandikwa na David Howells, Paul McKenney na wenzao. Waraka huo unaheshimiwa, lakini maneno yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Mwaka 2018 toleo la 4.17 liliongezewa modeli rasmi ya kihisabati, iliyotayarishwa na Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern. Mtu huandika mfano mfupi wa nyuzi mbili au tatu, na programu humwambia kama tokeo fulani linawezekana au la, bila kujali prosesa aliyo nayo mezani.

Mfano maarufu wa majaribio hayo ni huu. Uzi wa kwanza unaandika 1 katika X kisha unasoma Y. Wa pili unaandika 1 katika Y kisha unasoma X. Zote zilianza na sifuri. Je, nyuzi zote mbili zinaweza kusoma sifuri? Kwa foleni ya Lamport, haiwezekani. Katika prosesa halisi, hata za x86, inawezekana, kwa kuwa kila andiko linaweza kuwa bado limo katika bafa ya mwenyewe. Kuzuia tokeo hilo kunahitaji kizuizi kamili katika kila uzi.

Mwaka 2020, katika toleo la 5.8, kiini kiliongezewa pia kipimaji kinachoitwa KCSAN. Hiki hukisimamisha kidogo kiini kinapogusa sehemu fulani ya kumbukumbu na kutazama kama prosesa nyingine itaigusa sehemu hiyohiyo bila ulinzi. Kimefichua mahali pengi ambapo data husomwa na kuandikwa kwa pamoja. Baadhi yalikuwa hitilafu, na mengine yalikuwa ya makusudi lakini hayajawekewa alama. Wasanifu sasa hutakiwa kuyaandika mahali hayo kwa namna maalumu, ili kompaila isiyachezee na msomaji wa baadaye ajue kwamba mwandishi aliliona tatizo.